Pleko wa Daktari wa Meno

Kwako Dada yangu, uliyenishika mkono tangu sijajua kutembea,

Natumaini barua hii itakukuta umepona kile kifua, na watoto wanakupa nafasi ya kuketi. Mwambie yule mdogo kwamba mama mdogo wake hajamsahau. Sisi huku ni wazima. Mimi nina furaha hadi naona haya kuiandika. Shemeji yako huamka kabla yangu, na kila asubuhi naikuta chai yangu imefunikwa kisosi ili isipoe. Ulinionya kwamba mapenzi ya ndoa mpya ni moto wa mabua. Huu ni mwezi wa saba, Dada, na mabua bado yapo tele.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi katika duka la shemeji yako la samaki wa mapambo. Naandika vibandiko vya matangi na vya mifuko ya wateja. Kuna kambare wadogo wenye mdomo wa kunyonya, wanaoganda kwenye kioo kama waliobandikwa gundi. Sisi tunawaita pleko. Aina zao ni nyingi mno, na nyingine hazijapewa hata jina, zinajulikana kwa herufi L na namba tu. Wakiwa wachanga wanafanana kama pacha. Shemeji yako alinifundisha kwamba madoa hudanganya; pleko hutambuliwa kwa pezi la mgongoni. Unamtia kwenye chupa safi, unasubiri alifungue pezi mwenyewe, halafu unahesabu vijiti vyake, ile miiba myembamba inayolisimamisha pezi. Pleko ndevu hapiti vinane, naye hubaki mdogo. Pleko tanga ana kumi na zaidi, naye hukua hadi ukamwonea huruma mwenye tangi.

Basi, wiki ya pili baada ya harusi yetu uliletwa mfuko wa wachanga usioandikwa jina. Shemeji yako alikuwa ametoka. Niliwatia kwenye chupa, wakagoma kufungua mapezi, nami nikachoka kusubiri. Nikatazama madoa kwenye picha, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Pleko ndevu, hazidi urefu wa kalamu.

Jumanne iliyopita akaingia daktari wa meno wa mtaa wa pili, amebeba ndoo yenye mfuniko. Alisema alimnunua pleko mmoja kwa ajili ya kile kitangi kidogo cha chumba cha kusubiria, ili wagonjwa watulie. Sasa amefika shibiri nzima, ameng'oa majani yote, na juzi alipiga maji kwa mkia hadi mama mmoja aliyekuja kung'olewa jino akakimbia akisema limeacha kuuma. Kisha akatoa kibandiko mfukoni, akakiweka mezani. Mwandiko wangu, Dada. Nilitamani ardhi ipasuke.

Shemeji yako alimwomba radhi, akampa pleko ndevu halali, naye daktari akaondoka akicheka, akisema angalau sasa wagonjwa watamwogopa yeye peke yake. Lakini mume wangu hakucheka. Alisema msambazaji wetu amemchanganyia mfuko, na kwamba miaka tisa ya kuaminiana imekwisha leo. Akachukua simu.

Nikimwacha apige, mzee wa watu anapoteza mteja kwa kosa langu. Nikimzuia, atauliza ilikuwaje mimi, mtaalamu, nishindwe kuhesabu vijiti. Maana wakati wa uchumba nilimwambia kwamba nimefuga pleko tangu shule. Nilimwambia hivyo ili nipate sababu ya kurudi dukani kila Jumamosi kuyaona yale macho yake. Nilihisi ndoa yangu nzima imesimama juu ya uongo ule.

Nikapiga moyo konde, nikaweka mkono juu ya simu, nikamwambia yote, la vibandiko na la uchumba. Aliirudisha simu mezani. Kisha akaniambia kwamba hilo la uchumba alilijua tangu Jumamosi ya kwanza. Nilikuwa nimemsimulia kwamba pleko wangu hunipokea kiooni kila mchana, akicheza huku na huko, na pleko mchana hujificha chini ya gogo, hatoki hata umwite kwa jina. Alisema alirudi nyumbani akicheka njia nzima, akamwambia mama yake kwamba leo kuna msichana amedanganya vibaya sana, na kwamba yeye anamwomba Mungu msichana huyo arudi tena.

Nililia, Dada, kisha nikacheka, kisha nikalia tena kwa jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi. Tulisafisha matangi yote pamoja, tukihesabu vijiti kwa sauti.

Limebaki moja, na hili ni lako. Pleko mmoja nilimnunua kweli, ile Jumamosi ya kwanza, kwa aibu ya kutoka mikono mitupu. Nilimtia kwenye beseni lako la bluu la kufulia, nikawapelekea watu wa maabara ya shule, yeye na beseni. Ndilo lile ulilomtuhumu jirani kuliiba, mpaka mkaacha kusalimiana. Nisamehe. Nakuomba uvuke ua leo, umwombe radhi mama wa watu, umwambie mwizi ameolewa.

Shemeji yako anakusalimu sana. Beseni jipya linakuja na barua hii, na ndani yake hamna samaki.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wenu