Kiazi Nusu Alichobakiza Baba Yako

Kijiji cha Malindi,
Lushoto, Tanga.
13 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Alen,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka. Marahaba, mwanangu. U hali gani? Mkeo Glory hajambo? Na huyo mjukuu wangu Shukrani, ninayemjua kwa picha za simu tu, meno ya mbele yameshaota? Huku Malindi tupo. Ukungu wa mwezi huu wa saba hauondoki mpaka saa nne, na baridi ni ile ile unayoijua, ya kulala na sweta.

Mimi si mzima, sitakuficha. Moyo umechoka. Daktari alizungumza nami kwa adabu nyingi, na mimi niliyefundisha sayansi miaka yote ile nikaelewa alichokuwa anakizunguka. Padri ameshanipaka mafuta ya wagonjwa. Silalamiki, nimeishi. Ila naandika kidogo, napumzika, naendelea, kwa hiyo ukiona mwandiko umelegea usishtuke.

Viazi vimetoka vizuri mwaka huu, kabichi ndiyo imeliwa na wadudu. Yule ng'ombe mweusi wa baba yako amezaa ndama jike. Jirani yetu Mwanaidi ameoza binti yake wa mwisho, na ndiye anayeniletea uji kila asubuhi tangu nishindwe kuwasha moto.

Nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo, Alen, ambalo sitaki kufa nalo. Kwa simu nimejaribu kulisema nikashindwa, maana ukisema "haloo, shangazi" tu, naanza kukuuliza habari za mtoto.

Ni kuhusu siku ile uliyotualika Dar es Salaam, kwenye hoteli unayopikia. Kabla ya safari ulinipigia ukasema, "Shangazi, mweleze baba utaratibu wa pale. Vyakula ni vidogo vidogo, lakini vinakuja vingi, kimoja baada ya kingine. Asije akashangaa. Cha mwisho nitakileta mwenyewe, chungu kizima, nikae nanyi tule." Nikakujibu, "Hilo niachie mimi."

Sikumweleza. Ndani ya basi nilitaka kuanza, nikaona ataniuliza maswali mpaka Chalinze. Nikasema nitamweleza mezani. Na ukweli wenyewe ni kwamba nilifurahia kujua kitu ambacho ndugu yangu hakijui. Ndivyo tulivyo tangu utoto. Mimi nilipelekwa kusoma Kifungilo, yeye akaachishwa darasa la nne abaki na ng'ombe ili mimi niendelee. Badala ya kuona deni, niliona cheo.

Unakumbuka ulichotuma kwanza? Kiazi kimoja. Kidogo kama yai la njiwa, na ganda lake, katikati ya sahani pana kama ungo, na tone la mchuzi wa kijani pembeni. Najua ulikipika kwa heshima, kiazi cha kwenu kwa mtu aliyekulea kwa viazi. Lakini wewe ni mtoto wa hapa. Viazi vya ukubwa ule hatuvibebi. Tunaviacha shambani, na asiye na kitu hupita kuviokota bila kuomba ruhusa. Bibi yako alitukataza hata kugeuza shingo kuangalia ni nani anayeokota.

Baba yako alikitazama kile kiazi muda mrefu. Kisha akaninong'oneza kwa Kishambaa, "Dada, mtoto anaokota."

Nikamwambia atazame basi ukumbi ulivyo, vioo vile, taa zile. Akasema, "Jengo ni la wenyewe. Na sahani ni za kuazima. Kubwa hivi, na cha kuweka hakuna."

Nawe unajua adabu ya mtu wa kwetu akifika kwa asiye nacho. Anakula kidogo, anabakiza kwa ajili ya watoto wa nyumba ile, anasema ameshiba, anashukuru, anaondoka mapema ili wenyeji nao wapate kula. Alen, kiazi kile kilikuwa cha kutia mdomoni mara moja. Baba yako alikikata katikati kwa kisu. Akala nusu, nusu akaisogeza pembeni mwa sahani.

Kijana wako Rajabu akaleta sahani ya pili, maharage matatu juu ya jani la mnavu. Baba yako akamshika mkono.

"Mwanangu," akamuuliza, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, "na wewe umekula leo?"

"Nitakula nikitoka kazini, mzee."

"Basi chukua maharage haya. Mimi nimeshiba kabisa."

"Mzee, bado! Hata hatujaanza."

"Usinifiche, baba. Na mimi nina nyumba, najua hali ikiwa ngumu inakuwaje."

Meza ya jirani wakacheka. Mama mmoja aliyejaa dhahabu akageuka kutazama viatu vya baba yako, vile vya kuendea kanisani, vilivyobaki na udongo mwekundu kwenye mishono. Baba yako akasimama, akavaa kofia, akasema kwa nguvu ili ukumbi mzima usikie kwamba chakula kilikuwa kitamu na kingi.

Pale ndipo palipokuwa pahali pangu pa kusema. Maneno mawili yangetosha, "Kornelio, kaa." Rajabu alinitazama mimi mwenye miwani, kama mtu anayeomba asaidiwe. Lakini nilikuwa naona haya, mwanangu. Sikuona haya kwa sababu ya chakula chako. Nilimwonea haya ndugu yangu mbele ya watu nisiowajua na ambao sijawaona tena. Nilitaka tu tutoke pale upesi. Nikamwambia Rajabu, "Ametosheka," nikachukua mkoba wangu.

Nje nilimwonyesha mama mmoja anayepika ugali na samaki. Baba yako akakataa. "Mtoto akisikia nimetoka kwake nikaenda kula kwingine, atajisikiaje?" Alikataa pia kwenda kulala kwako, tusikuongezee mzigo. Tulilala gesti karibu na stendi, naye alilala na njaa ili wewe usiaibike.

Kesho yake ulinipigia tukiwa ndani ya basi. Uliniambia ulitoka jikoni umebeba chungu, ukakuta viti vitupu. Uliuliza, "Shangazi, nimekosa nini?" Baba yako alikuwa amesinzia begani kwangu. Nikakujibu, "Hakupenda. Anasema umemdhihaki."

Hakusema hivyo. Hajawahi kusema hivyo. Niliyatunga mimi, palepale, ili usije ukaniuliza kama nilimweleza ule utaratibu.

Uongo huo nao uliomba wenzake. Baba yako alitaka kurudi kukuona, nikamwambia mwenye shida hapendi kutembelewa, amwache kijana ajipange. Akatii, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Na gunia lile la viazi alilokutumia, likakuudhi, alilichagua kiazi kimoja kimoja, vikubwa kama ngumi, akisema, "Mtoto asiokote tena." Wewe uliliona kama kejeli, ukalirudisha, ukanituma nimwambie kwamba umeelewa anavyokucheka. Sikumwambia. Nilimwambia huna pa kuliweka. Alikaa juu ya gunia lile pale uani, akauliza, "Kumbe hata chumba hana?" Nami nikamwacha aamini hivyo.

Hivyo ndivyo miaka minne ilivyopita. Shukrani amebatizwa babu yake hayupo. Kila Krismasi baba yako anatoka kwenda barabarani basi likipita, anasema anakwenda kununua betri za redio.

Siku hizi mimi mwenyewe nakula vijiko viwili. Mwanaidi anaupoza ule uji, anaonja, anaongeza maziwa kidogo, anakoroga tena, yote hayo kwa vijiko viwili vya mgonjwa. Nimeona ni kazi kiasi gani kumtengenezea mtu kitu kidogo. Nimefikiria ulivyosimama jikoni siku ile, nikashindwa kulala.

Jumatano iliyopita baba yako alinikuta nimekiacha kikombe cha uji kikiwa karibu kujaa. Akakaa kitandani.

"Dada, unambakizia nani? Chakula kipo humu ndani."

"Tumbo limekataa tu, Kornelio."

"Usinifanyie adabu. Hata mimi kwa Alen nilibakiza hivyohivyo, na njaa ikiniuma."

Hapo nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia simu yako hadi gunia. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kwa hiyo mtoto alikuwa na chakula?"

Nikasema, "Alikuwa nacho. Kingi. Na chungu kizima alikuwa anakuletea kwa mikono yake."

"Na mimi nikamwachia meza."

Alinyanyuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Veva, wewe ulisoma ili iwe nini?" Hajawahi kuniita kwa jina tangu tuzaliwe, daima ni dada.

Hakuja Alhamisi, Ijumaa wala Jumamosi. Maziwa aliyaacha mlangoni, ila yeye hakuingia. Nilistahili.

Sikuombi unisamehe, Alen. Ningependa, siwezi kusema uongo mwingine, lakini nimeona si haki nikuombe kitu wakati nilichokuchukulia ni kikubwa. Ninachotaka ni ujue kwamba baba yako hakukudharau hata dakika moja. Alikuonea huruma usiyoihitaji, na wewe ukamkasirikia kwa kosa asilolitenda, na katikati yenu nilikuwa nimekaa mimi, nikiwa najua pande zote mbili.

Leo baada ya misa aliingia. Amevaa lile koti la harusi ya Glory. Hakukaa.

"Barua umemaliza?"

"Karibu."

"Imalize leo. Basi la kesho linashuka Mombo alfajiri."

Nikamwambia ni vema akutangulizie simu. Akasema simu ndizo zilizotufikisha hapa.

Basi nimalizie. Msalimie Glory, mwambie kitenge alichonitumia ndicho ninachojifunika. Mbusu Shukrani kwa niaba yangu. Msalimie na kijana Rajabu kama bado mko naye, umwambie yule bibi mwenye miwani anamwomba radhi, maana yeye alijaribu. Mwanaidi anakusalimu, na Martin wa dukani, uliyekuwa ukicheza naye mpira, anakusalimu sana. Mungu aibariki mikono yako, ipike mpaka uzeeni, na asikosekane mtu wa kula ulichopika.

Salamu za baba yako sikuziandika. Anazo mwenyewe, na sasa hivi amekaa mbele yako, ameshika kofia, anasubiri umalize kusoma. Safari nzima hatakuwa ametia kitu tumboni, namjua. Mletee chakula, mwanangu, kidogo kidogo kama ulivyotaka, na kila sahani mweleze kwamba kuna nyingine inakuja.

Shangazi yako anayekupenda, japo amechelewa kukuonyesha,
Jenoveva