Gari la Tata Kisimba litoke safi saa nne

Asia na Masudi,

Musiogope mtu anayekoroma kwenye kiti cha baba. Ni Tata Kisimba, dereva wa rali. Alipiga hodi alfajiri akitokea Sandoa, tope jekundu mpaka kwenye nyusi.

Gari likiwa chafu wasimamizi wa rali hawatamruhusu kuendelea, na mimi nimeosha nusu tu. Masudi, usikwangue tope kavu, utakwaruza rangi! Lifunike kwa magunia yaliyolowa, lilainike, ndipo umwage maji kuanzia juu. Asia, mwisho paka mawese chini ya gari, tope la kesho lisishike. Breki usiziguse, tunataka afike hai. Ndiyo, ni mawese ya mama. Nitaungama mwenyewe.

Sasa sikieni. Mwenzake wa kumsomea ramani amebaki Sandoa na homa. Tata Kisimba akaniambia: «Petit, mdogo wangu, si umesomea ramani? Panda na mimi mpaka Kasaji.» Mimi! Miaka minne ya jiografia, na hakuna aliyewahi kuniuliza njia hata ya sokoni. Nikakubali kabla hajamaliza.

Halafu bibi akatoka na kitenge chake kipya. Leo anafunguliwa bandeji ya jicho hospitalini, na nilimwahidi kwamba uso wa kwanza atakaouona ni wangu. «Umenyoa ndevu?» akauliza.

Ramani iko chini ya sahani, nimechora njia yote kwa penseli. Tata Kisimba akiamka mumwambie ~~aningoje kidogo~~ asiningoje. Bibi anatembea polepole, na sitamharakisha.

Yaya wenu, kaka mkubwa,
Alimasi