Maji ya Lobito

Mama Jenerose, bibi yangu wa ndoa,

Mi wa miaka makumi saba na tisa, mine, shimo la kuchimba shaba, iliniangukia mara mbili nikatoka, na bahari ya Lobito nayo imeshindwa kuniua. Nilishuka na chupa yako kuchota maji ya chumvi, dawa ya miguu yako inayouma. Upepo hakuna, lakini mawimbi makubwa yanakuja bila kelele. Muvuvi akalia: «Tata, toka! Dhoruba iko mbali, maji yake imefika!» Nikamucheka. Bahari ikarudi nyuma, ikanyamaza. Kule mu mine, kukinyamaza hivi, mawe iko karibu kuanguka, unajibana ku ukuta; nikajibana ku mwamba. Maji ikanifunika. Mukwe wetu Kasongo, tulishuka naye, akanivuta kwa mukanda.

Chupa yako imejaa. Iko mezani, hakuna upepo, lakini maji ya ndani inapanda na kushuka. Pumzisha miguu, mama. Ukisema naongopa, uliza Kasongo: amekataa kulala nayo nyumba moja.