Mahindi Yalipigwa Reki Kwanza

Mama yangu, shikamoo kutoka Eldoret!

Nimefika asubuhi, na kwa baridi ya huku nimejifunga kanga yako juu ya koti. Mtaa wa Kimumu nikamkuta mama mmoja ameanika mahindi uani, nikamwomba nimpige picha, ya kwanza tangu nivuke mpaka. "Ngoja kwanza!" akasema, akakimbilia ndani. Nikajua amekwenda kubadilisha nguo, kama wewe. Akarudi na sweta lile lile lililotoboka, mkononi ana reki, akayasawazisha mahindi.

"Sasa piga. Mimi watu wananijua, lakini hii mahindi nimelima mwaka mzima."

Kesho ameniita nimpigie ng'ombe wake picha. Na mji huu tutaelewana.

Nikirudi, Mama, usinikimbie tena kwenda kuvaa gauni. Nakutaka hivyo hivyo, na unga mikononi.

Mwanao,
Rehema