Chungu cha Simba

Baba Rachel,

Chai ~~jichemshie mwenyewe~~ ipo kwenye chupa. Mvua ikitishia, niingizie vile vyungu vibichi vya barazani. Vishikie chini, usivishike mdomo.

Nimewahi sokoni Kwa Mrombo bila kukuaga kwa sababu ulinikera. Asubuhi nafunga vyungu kwenye magazeti, wewe unacheka, eti picha za Instagram hazinunui unga. Sawa. Ulipotoka kukata majani ya ng'ombe, mama mmoja wa Makumira akapiga simu. Kaona picha alizoweka Rachel, anataka chungu. Si hivi nilivyovipamba wiki nzima! Anataka kile kilichoonekana kwa nyuma, kilichopinda, anachonywea Simba. Chungu changu cha kwanza kabisa, ulichompa mbwa bila hata kuniuliza.

Nilimwambia ukweli kwamba ni cha mbwa. Akacheka, akasema nikioshe nimpelekee, na nimfinyangie vingine vya namna hiyo. Sasa sijui nitawezaje kukosea vizuri hivyo tena, lakini nitajaribu.

Simba nimemwekea maji kwenye bakuli lako la supu.

Mama Rachel