Tangi la Kulia Sikulikagua

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa yamebaki manyunyu tu, ya kuudhi. Sijisikii vizuri na sitaki kuambiwa pole. Wiki nzima nimeambiwa pole mpaka neno lenyewe limechacha masikioni.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba siku za mapumziko narusha ndege ndogo ya klabu yetu, ile ya injini moja na viti vinne. Mmesikia pia kwamba Jumamosi ya wiki iliyopita niliivunja gurudumu la mbele, na jinsi ilivyotokea. Mmesikia uongo. Mimi ndiye niliyeutia saini.

Nianze na Hajji, baba mkwe wangu. Amestaafu ualimu, anakaa Kyambogo, na kwa miaka tisa hakuwahi kuukubali urubani wangu. Kwake yeye, mwanamke kurusha ndege ni sawa na mwanamke kupanda juu ya paa: huenda si dhambi, lakini anafuata nini huko? Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimeolewa kwa Waganda, na nimejipima kwa macho ya mzee huyu zaidi ya ninavyopenda kukiri. Basi aliposema mwenyewe kwamba atakuja kupanda, nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha bila kupumzika. Kila rubani anajua maana yake. Maji hupenya kwenye vifuniko vya matangi juu ya mabawa, hasa mpira wa kifuniko ukiwa umechakaa kama wetu. Kwa hiyo kabla ya kuruka unakinga mafuta kidogo chini ya kila bawa, kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, unakiinua kwenye mwanga. Maji ni mazito, hukaa chini. Ukiyaona, unaendelea kuyatoa mpaka yabaki mafuta matupu. Ni kazi ya dakika mbili.

Nilikinga tangi la kushoto. Lilikuwa safi. Nikazunguka pua ya ndege kwenda upande wa kulia, kikombe mkononi, na hapo Hajji akainuka kwenye benchi alipokuwa ameketi na mume wangu Sulaiti, akaja, kanzu nyeupe na koti juu yake.

Nilipiga magoti.

Kwenye majani mabichi, na ovaroli yangu, kikombe nikakiweka chini. Wasuze otya, ssebo. Na salamu za Buganda, ambazo mkamwana humpa mkwe akiwa amepiga magoti, si za kutupiana mkiwa mnapishana. Umelalaje, wa nyumbani hawajambo, miguu inasemaje, migomba, mvua, na kila jibu lina mguno wake, na mguno nao unajibiwa. Ningemwambia nini? Subiri, Hajji, nina kazi? Nimewaona wakamwana waliosemwa mwaka mzima kwa kosa dogo kuliko hilo. Alipomaliza nilisimama, nikapangusa magoti, nikaokota kikombe nikakitia mfukoni. Nikaendelea na matairi.

Sheria naijua. Huwa nawaambia wanafunzi wapya, tena kwa sauti ya ubosi: ukikatizwa, rudi mwanzo wa orodha, hata kama aliyekukatiza ni rais. Sikurudi. Mikono ilikuwa inanuka mafuta, kikombe kilikuwa kimelowa, na akili ikajaza yenyewe kwamba nimeshamaliza.

Nilipoijaribu injini pale mwanzo wa njia ya kurukia, ilinguruma vizuri. Tukaanza kukimbia, Hajji kando yangu anasoma dua, Sulaiti nyuma. Hatujafika nusu ya njia injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikalegea. Nikakata nguvu, nikakanyaga breki. Kwenye majani yaliyolowa breki ni jina tu. Tuliteleza, tukapita mwisho wa njia, ndege ikapinda upande na gurudumu la mbele likavunjikia kwenye mtaro.

Mwishoni hapo ndipo husimama Papa Deo, Mkongomani, mlinzi wetu. Ndege yoyote ikitaka kuruka, yeye huenda kusimama pale kando na bendera yake, kwa sababu wanakijiji wana kijia chao kinachokatiza, na kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, hupenda kutua pale. Sisi wenyewe ndio tuliomwagiza asimame hapo. Alipoona tunamjia, akaruka mtaroni. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Hajji alipoteza kofia tu.

Mchana huohuo katibu wa klabu akaniletea maelezo yaliyokwisha kuandikwa: rubani alisimamisha ndege ghafla kwa sababu mlinzi alikuwa ndani ya njia ya kurukia. Injini haikutajwa. Akanieleza kwamba bila hivyo kiwanja kitafungwa na leseni yangu itakwenda, na Papa Deo hana leseni ya kupoteza. Nikatia saini. Wenzangu walipoondoka nilirudi kwenye ile ndege iliyoinama, nikakinga tangi la kulia. Nusu ya kikombe ilikuwa maji. Nikayamwaga kwenye majani.

Sikumwambia hata Sulaiti.

Leo nimekwenda Katwe kumwona Papa Deo. Anakaa chumba kimoja nyuma ya mafundi wa chuma, na hata Jumapili yupo anayegonga mabati. Mkewe alinipa kiti chao, yeye akakalia ndoo. Nilipeleka mchele, sukari na sabuni, kama mtu anayemtembelea mgonjwa yeyote. Nilikuwa nimepanga la kusema. Akanitangulia.

"Mama, unisamehe," alisema. "Banasema nilikuwa katikati ya njia. Mie nilizani niko pembeni. Pengine nilikosea."

Nikamjibu, "Si kitu, Papa Deo."

Nilimsamehe! Nimemvunja mguu, saini yangu imemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe, na mimi nikamsamehe. Mkewe akanishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Nilipotoka nikampigia katibu nikiwa bado barabarani, nikamwambia nataka kuyabadilisha maelezo. Hakuuliza kwa nini. "Madam, hiyo maneno tulimaliza," alisema. "Barua ya kumufukuza ilitoka Ijumaa. Sasa wewe nataka watufunge sisi yote?" Mke wa Papa Deo alikuwa hajanitajia barua. Nadhani waliona haya.

Nimefika nyumbani nikamkuta Hajji amekuja na wageni, ananisifu. Huyu mkamwana wangu, anawaambia, kazi ilikuwa mkononi, ndege inamngoja, lakini alipiga magoti kwanza. Miaka tisa nimeyasubiri maneno hayo. Niliwamiminia chai nikamchukia, nikamchukia kabisa. Halafu nikaona hata chuki hiyo ni ya wizi. Mzee alikuja akasalimiwa, basi. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile karibu saa nzima bila kunung'unika, angekaa dakika mbili zaidi. Hakuna aliyenizuia kurudi mwanzo.

Wageni wameondoka. Fomu ya mamlaka ya usafiri wa anga iko mbele yangu na kesho asubuhi naipeleka mwenyewe, bila kupitia klabu. Leseni itakwenda. Iende. Kama kazi ya Papa Deo itarudi sijui, na sina haki ya kujipa moyo kwamba itarudi. Sulaiti ameisoma, kisha akaniuliza kama ni lazima baba yake awemo.

Ni lazima. Nimeandika kwa kalamu ya wino:

"Mlinzi alikuwa kando ya njia, mahali pake. Tangi la kulia sikulikagua. Niliacha ukaguzi ili nimpigie magoti baba mkwe wangu, na nilipoinuka sikuanza upya, kwa sababu niliona haya kumwambia anisubiri."