Waya Mweusi Hauumi

Duluth, Marekani
9 Januari 2025

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza maumivu. Kwa kuwa simu huisikii tangu grinda ikumalize masikio, naandika kwa barua pepe, na Getruda akuchapishie kwa herufi kubwa pale stesheneri kwake.

Mjukuu wako Rebeka anaongezeka uzito. Bado anapumua kwa mashine ya oksijeni kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, lakini daktari anasema mapafu yanakua. Shida yetu ni umeme. Ndiyo, Baba, cheka, maana nilidhani shida hiyo nimeiacha Mkuyuni. Huku theluji inalemea matawi, matawi yanaangukia nyaya, mji mzima unazimika. Wiki iliyopita ulikatika mara mbili. Mara ya pili nilibaki na mtungi wa akiba wa saa chache, nimekaa naangalia mshale unavyoshuka, na mkweo Josephat yuko safarini na lori mpaka mwisho wa mwezi. Mafundi wa hapa wana foleni ya wiki tatu.

Nimenunua betri kubwa na inveta ya kuugeuza umeme wake uwe wa nyumbani. Nataka kuiunganisha na nyaya za nyumba ili chumba cha mtoto kipate umeme. Nimefungua boksi la nyaya ukutani, nikachanganyikiwa. Hakuna waya mwekundu. Hakuna hata wa kahawia. Kuna mweusi, mweupe, na mmoja uko uchi kabisa, shaba tupu. Nimekulia karakanani kwako na sijawahi kuona hivi. Ule mwekundu wetu huku unakaa wapi?

Binti yako,
Selina

Mkuyuni, Mwanza
10 Januari 2025

Mwanangu Selina, marahaba sana.

Mimi mzima, ila goti limeamua kustaafu kabla yangu. Nisalimie mke wangu mdogo Rebeka, mwambie mumewe mzee bado anatafuta ng'ombe wa mahari, asiolewe na Mzungu.

Hao watu wamefika mwezini halafu wanashindwa kuuvika waya nguo! Huo ulio uchi ni ethi, wa kwenda ardhini, achana nao. Na kama mwekundu haupo, basi mweupe ndio umeshika kazi yake. Huo ndio wenye moto. Mweusi ni mweusi dunia nzima, ni nyutro, wa kurudisha tu, na mweusi hauumi. Miaka arobaini nimeushika kwa mkono mtupu na bado nakula ugali.

Zima mein swichi, halafu anza na ule mweusi mnene unaoingia kutoka nje, kwa kuwa huo huna haja ya kuuogopa. Mweupe ndio uushike kwa adabu. Nakuambia kitu ninachokijua kama jina langu.

Baba yako,
Nathaniel

Duluth
12 Januari 2025

Baba, shikamoo. Habari za hapo nyumbani?

Sisi tunaendelea, Rebeka jana alicheka, au pengine ilikuwa gesi tumboni. Baba, sielewi. Nimezima mein swichi kama ulivyosema, nikachukua ile testa yako ya kupimia umeme uliyonipa siku naondoka. Nikagusisha ule mweusi mnene. Ikawaka. Mwanga hafifu kuliko wa nyumbani, lakini ikawaka. Nikagusisha mweupe, kimya.

Nimerudia mara sita. Kisha nikakumbuka testa ilianguka sakafuni mwezi uliopita, nadhani imeharibika. Au mimi ndiye nimeharibika, maana silali. Wewe hujawahi kunidanganya kuhusu waya hata mmoja.

Wanatangaza dhoruba nyingine. Mitungi ya oksijeni imebaki miwili, kila mmoja wa siku moja. Nisipopata jibu lako mpaka Jumatano, nitafanya kama ulivyosema.

Binti yako,
Selina

Mkuyuni
13 Januari 2025

Selina, USIGUSE MWEUSI.

Testa haijaharibika. Huko kwenu mweusi ndio wenye moto, na ule unaotoka nje unabaki na moto hata ukizima mein swichi. Funga boksi. Usiunganishe chochote na nyumba. Mashine ya mtoto ichomeke kwenye inveta yenyewe, inveta kwenye betri, basi.

Nijibu neno moja tu, nijue umesoma.

Baba yako

Mkuyuni
16 Januari 2025

Mwanangu Selina, sijui kama unaisoma hii, na sijui niulize hali yako kwa namna gani.

Jana ilikuwa Jumatano. Getruda amepiga namba yako mara tisa, anasema kuna mama anajibu kwa Kiingereza kwamba hupatikani, maneno yaleyale kila mara. Namba ya Josephat nayo hivyohivyo. Nimekaa hapa dukani kwake tangu alipofungua. Watu wanakuja kutoa kopi vyeti vya watoto wao, na mimi nimekalia kiti cha wateja.

Nitakuandikia jambo ambalo sijamwandikia mtu. Ulikuwa na miaka miwili. Nilikuwa na fundi mwenzangu, mdogo kwangu, anaitwa Mashimba. Tuliitwa kwenye nyumba moja kando ya ziwa, wageni wa ng'ambo waliijenga wenyewe kwa vifaa vyao vilivyokuja na meli. Tukafungua boksi. Mweusi, mweupe na shaba tupu.

Mashimba ndiye alikuwa na testa. Akaniambia, “Kaka, mweusi unawasha.” Nikamwambia, “Testa yako si ilianguka jana? Mbovu hiyo. Mweusi hauumi. Shika tumalize tukale.” Akaushika, kwa sababu mkubwa wake nimesema.

Mkewe Celestina yuko Bujora. Siku ya msiba aliniuliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba Mashimba alikuwa na haraka, hakupima. Mafundi wote wa hapa wameikuta habari hiyo hivyo, na wanafunzi wangu nimewafundisha kwa jina lake: usiwe kama Mashimba. Mimi mwenyewe nilijiambia testa ilikuwa mbovu kweli, nikajiambia mpaka nikaamini. Ulipoandika kuhusu shaba tupu, kitu kilinichoma rohoni, nikakifunika na kukujibu mzaha. Ulipoandika kwamba testa ilianguka, nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka mdomoni kwako.

Naogopa, mwanangu. Nimeua kwa sentensi moja, na sijui kama nimeitumia mara mbili.

Baba

Duluth
19 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Tuko hai, mimi na Rebeka. Umeme umerudi leo asubuhi, na simu pamoja nao. Dhoruba iliwahi, ilituangukia Jumatatu kabla barua yako haijafika. Leo zimeingia zote kwa pamoja, nikasoma ya mwisho kwanza. Sikuelewa kitu. Ilibidi nirudi nyuma kama mtu anayetafuta funguo.

Jumatano mtungi ulikuwa wa mwisho. Nilifungua boksi. Nilinyoosha mkono kwenye mweusi mara tatu, na mara tatu nikaurudisha. Nilikuamini wewe, na testa nayo ilikuwa inaniambia jambo jingine, kichwa kikawa hakina pa kusimama. Ndipo nikakumbuka kanuni yako ya karakanani: aliyeshika testa ndiye anayesema. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama juu ya kreti ya soda, nikisema “imewaka” unatoa mkono bila kubisha, hata mbele ya wateja wakubwa. Nikasema peke yangu jikoni, kwa sauti: imewaka. Nikafunga boksi.

Nikachomeka mashine kwenye inveta moja kwa moja, nyumba nikaiacha ilale na giza lake. Betri nilikuwa naichaji kwa gari, limesimama nje uwanjani, siku nne. Rebeka hakujua hata kama kuna jambo.

Sasa nisikilize. Nimekukasirikia, na nakupenda, na vyote viwili vimekaa kifuani sijui nivigawe vipi. Sikuwahi kukuuliza ile kanuni uliianza lini. Sasa najua ni baada ya mazishi. Mwanao na mjukuu wako wamepona kwa sauti ya Mashimba, na mkewe bado anaamini mumewe alikuwa mzembe.

Usinijibu mpaka umefika Bujora.

Binti yako,
Selina

Mkuyuni
1 Februari 2025

Mwanangu Selina, marahaba.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mke wangu mdogo nimeiona picha yake, Getruda amenitolea kubwa, ya rangi.

Nimekwenda Bujora. Siku ya kwanza nilifika Kisesa, karibu kabisa na kwake, nikageuza, nikajidanganya kwamba ni goti. Juzi nilifika. Celestina alikuwa anachambua choroko. Nilimweleza yote, na kwa masikio yangu haya sikujua ninasema kwa sauti gani, nadhani majirani wamesikia. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Akasema, akisogea karibu ili nisikie, “Mwanangu Chenge alitaka kusomea umeme. Nilimkatalia. Nilimwambia damu ya baba yake haina makini.”

Akaingia ndani, akatoka na kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na testa ya Mashimba, ile aliyorudishiwa na walioosha maiti, pamoja na nguo za marehemu. Ilikuwa na kutu kidogo shingoni. Akaniambia nimwonyeshe inavyoshikwa. Nikamwonyesha kidole kinapokaa, nikanyoosha mkono nimsaidie, akaikwepesha. Akaenda mwenyewe kwenye soketi ya ukutani.

Ikawaka.

Aliichomoa, akaifuta kwa khanga. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, lakini hayakuwa na nafasi. Yeye ndiye alikuwa ameishika.

Kisha akasema, “Jumapili waite mafundi wako wote, na wanafunzi, uwaeleze kama ulivyonieleza. Nitakuja na Chenge. Nitakuja nayo.”

Nimeshawaita. Getruda ametoa viti.

Baba yako,
Nathaniel